Sheria inauliza umri, simu inajibu kwa jina la mama

Wamama wenzetu, toka Kavimvira mpaka Kalundu, pari imeingia ndani ya simu. Feza ya ndagala, ya masomo, hata ya likirimba, inaweza kuisha kwa usiku mmoja.

Majirani wamejaribu kuizuia. Uganda, sheria ya 2016 inamkataza kucheza kila asiyefikisha miaka 25. Kenya, Julai 2019, kampuni 27 hazikupewa upya leseni, na mwaka 2025 nchi ikapitisha sheria mpya inayosimamia pia kamari ya intaneti. Nasi tuwaombe wabunge wetu walioko Kinshasa waone mfano huo.

Lakini sheria ya umri ina mlango wa nyuma: mtoto akicheza kwa simu ya mama, kampuni inaona jina na umri wa mama. Mlango huo tunaufunga sisi. Namba ya siri tusimpe mtoto, hata tukimtuma kutoa feza. Jioni tusome ujumbe wa feza zilizotoka. Akiba ya kikundi isikae kwenye simu ya mmoja.

Na mtoto aliyepoteza tusimfukuze. Akiogopa kusema, atapari tena ili airudishe.