Je, Wajua? Sahihi ya Injinia wa Ndege

Je, wajua kwamba ndege ya abiria ikitoka matengenezoni hairuki mpaka injinia mwenye leseni atie sahihi? Mafundi wanaojua kufungua injini ni wengi. Wenye ruhusa ya kusaini ni wachache.

Je, wajua kwamba shahada ya uhandisi wa ndege peke yake si leseni? Kwa viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO), mwombaji awe ametimiza miaka 18 na amefanya kazi ya matengenezo miaka 4, au 2 akiwa amehitimu mafunzo yaliyoidhinishwa.

Je, wajua kwamba katika mitihani ya leseni ya Ulaya alama ya kufaulu ni 75 kwa 100? Mwenye 74 ameanguka, na kwa kawaida husubiri siku 90 ndipo arudie somo hilo.

Je, wajua kwamba mojawapo ya masomo hayo halihusu chuma wala nyaya, bali binadamu: uchovu, haraka, mazoea? Si la kupuuzwa. Tarehe 10 Juni 1990, ndege ya British Airways iliyotoka Birmingham kwenda Málaga ilipoteza kioo cha mbele angani, na rubani akavutwa nje nusu mwili. Wahudumu walimshikilia hadi ndege ikatua, naye akapona. Kioo kilikuwa kimebadilishwa usiku, saa 27 kabla ya safari. Bolti 84 kati ya 90 zilikuwa nyembamba kuliko inavyotakiwa, kwa chini ya milimita moja. Aliyezichagua alizilinganisha kwa macho na zile za zamani.

Je, wajua kwamba leseni ya msingi haimruhusu injinia kusaini kila ndege? Boeing 787 ina mafunzo yake, ATR yake. Tena Ulaya, asiyefanya kazi ya matengenezo walau miezi 6 katika miaka 2 hupoteza haki ya kusaini.

Je, wajua kwamba Afrika Mashariki ina vyuo vya fani hii? Kipo Embakasi, Nairobi, kilichoanzishwa 1954. Kipo Soroti, Uganda. Na Dar es Salaam kuna Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT).

Kabla hujalipa ada popote, uliza kwanza: mamlaka ya usafiri wa anga imekiidhinisha chuo hicho kwa kozi unayoitaka? Omba uoneshwe cheti, kisha usome tarehe yake ya mwisho.