Je, Wajua? Falsafa Iliyo Mdomoni mwa Watu wa Nyakitonto

Je, wajua kwamba ukifika Nyakitonto, wilayani Kasulu, ukauliza wakulima kama wanazifahamu "kategoria za falsafa ya Kibantu", huenda ukatazamwa kama karani aliyepotea njia? Vuta subira, bei ya maharage ijadiliwe. Kabla gunia halijashonwa utakuwa umeshasikia *umuntu*, *ikintu* na *ahantu*. Kwa Kiha, lugha ya huko, ni mtu, kitu na mahali, basi. Kwa maprofesa, maneno hayo yameandikiwa vitabu.

Je, wajua nani aliyapandisha cheo? Ni padri wa Rwanda, Alexis Kagame (1912–1981). Kitabu chake juu ya falsafa ya kuwapo kwa mujibu wa Kinyarwanda kilitoka Brussels mwaka 1956, kwa Kifaransa. Kinyarwanda, Kirundi na Kiha ni ndugu wa karibu, kwa hiyo istilahi zinazomtoa jasho mwanafunzi wa Ulaya, Muha anazielewa bila mkalimani.

Je, wajua hesabu yake? Aristotle, mwanafalsafa Mgiriki wa kale, alikuwa na makundi 10 ya yale yanayoweza kusemwa juu ya kitu. Kagame akayaingiza katika maneno manne yenye shina moja, *-ntu*. *Umuntu* ni chenye akili. *Ikintu* ni kisicho nayo, kama jiwe, mgomba au mbuzi. Hayo mawili kwa pamoja yanashika kundi la kwanza la Aristotle. *Ahantu* inabeba makundi mawili, mahali na wakati. *Ukuntu*, yaani namna, inabeba saba yaliyosalia. Jumlisha: 10 kamili.

Je, wajua kwamba Kiswahili kilipoteza neno la tatu, kikabaki na kivuli chake? "Mahali" tumelikopa kwa Waarabu. Hata hivyo hatusemi "mahali mzuri" bali "mahali pazuri", na hiyo *pa-* ni ndugu wa *ha-* iliyomo katika *ahantu*. Mgeni ameingia nyumbani, lakini funguo bado anazo mwenye nyumba.

Je, wajua kwamba mbuzi angeweza kumbishia Kagame? Kwake mbuzi ni *ikintu*. Lakini kwa Kiswahili mtoto amelala na mbuzi amelala. Ila kitabu kimelala mezani. Sarufi yetu imemvusha mbuzi hadi upande wa watu. Mtu naye huweza kuvushwa kinyume: akimfungia mlango jirani mwenye mgonjwa usiku, kesho yake wanamsema, "Yule si mtu." Hakuna anayeuliza kama ana miguu miwili.

Je, wajua kwamba *ubuntu*, neno lililosambazwa duniani na Askofu Desmond Tutu wa Afrika Kusini, lina sura nyingine karibu na Kasulu? Warundi, ambao maelfu yao walipokelewa katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kuanzia 2015, wakisema *ku buntu* wana maana ya bure, bila malipo. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alitoa programu ya kuendeshea kompyuta akaiita Ubuntu. Nayo hutolewa bure!

Je, wajua kwamba hata "sasa" na "zamani" ni istilahi za falsafa? John Mbiti wa Kenya alizitumia katika kitabu chake cha 1969 kueleza jinsi Waafrika wanavyouona wakati. Wasomi wamebishana juu yake kwa miaka. Huko Nairobi, vijana wakikutana husalimiana tu, "Sasa?" "Poa."

Je, wajua kwamba si wote walioridhika? Paulin Hountondji wa Benin aliwapinga Kagame na wenzake. Kwake, falsafa ni hoja ya mtu anayejulikana, inayotolewa na kupingwa waziwazi. Haichimbuliwi kwenye sarufi ya kabila zima kana kwamba wote wanawaza sawa. Kwa kipimo hicho, kusema *umuntu* kutwa nzima hakumfanyi mtu mwanafalsafa.

Lakini mrudie yule jirani aliyefunga mlango. Watu wamekaa, wamesema, "Yule si mtu." Mmoja anauliza, "Si mtu kwa nini? Kwani naye hana wagonjwa wake?" Mwingine anakataa, wa tatu anavuta kigoda. Hapo hata Hountondji angekaa asikilize.