Mnyama wa Sanaa Huulizwa Alitenda Nini

Katika jumba la makumbusho la Munich, Ujerumani, kuna kikombe cha udongo cha kunywea divai kilichofinyangwa Athene karibu na mwaka 540 au 530 kabla ya Kristo. Ndani yake msanii Exekias alimchora mungu Dionysos amejilaza katika jahazi, mzabibu umepanda mlingoti, na pomboo saba wanaogelea kando. Asiyejua kisa ataona bahari na wanyama wa kupendeza. Lakini Wagiriki walisimulia kwamba maharamia walimteka Dionysos wakamdhani kijana wa kuuza, naye akawageuza pomboo. Ndiyo maana wataalamu wengi huwasoma pomboo wa kikombe kile kuwa ni watu walioadhibiwa.

Hilo ndilo somo la kwanza la sanaa ya wanyama: usiishie kutazama mnyama anafanana na nini, uliza alitenda nini. Na hakuna mahali panapolithibitisha somo hili vizuri kama misitu ya Kivu, mashariki mwa Kongo.

Kusini mwa eneo la Walikale, kuelekea Shabunda, Mwenga na Pangi, ni nchi ya Walega. Maadili yao yalifundishwa na chama cha Bwami, ambamo mtu alipanda daraja baada ya daraja hadi kufika kindi, iliyo ya juu kabisa. Siku za kuwaingiza wanachama, wakubwa walitoa vikapuni vinyago vidogo vya mti, mfupa na pembe za ndovu: mbwa, kakakuona, nyoka. Kando yake waliweka mdomo wa hondohondo, gamba la kobe, fuvu la sokwe. Kila kimoja kilichezewa ngoma na kuimbiwa methali, na kinyago kilekile kiliweza kubeba methali nyingi, kufuatana na daraja na sherehe.

Mtazame kakakuona kwa karibu. Magamba yake yamelaliana safu kwa safu, la juu likifunika mwanzo wa lililo chini yake, sawasawa na majani yanavyopangwa juu ya paa ili mvua isipenye. Walega husema yeye ndiye aliyewafundisha watu kuezeka nyumba. Kwa sababu hiyo kakakuona mkubwa alikuwa na mwiko wa kuuawa, na akikutwa amekufa porini, nyama yake iligawanywa kwa utaratibu wa Bwami. Kinyago chake kilimkumbusha mwanachama kwamba binadamu ana deni kwa mwalimu wake.

Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ya Ubelgiji ilipiga marufuku Bwami. Vinyago vingi vilikwenda katika makumbusho ya Tervuren, karibu na Brussels, na katika makumbusho mengine ya Ulaya na Marekani. Methali zake nyingi hazikusafiri navyo.

Wanyanga wa Walikale walifuata njia nyingine. Wao hawakusifika sana kwa uchongaji. Wanyama wao waliwaweka katika utendi. Mwaka 1956 msimulizi Candi Rureke aliusimulia utendi wa Mwindo kwa siku 12, akiimba, akicheza na kuigiza, huku kayamba ya kibuyu ikilia mkononi mwake. Daniel Biebuyck, mtafiti Mbelgiji, na Kahombo Mateene, mtaalamu wa lugha wa Kongo, waliuchapisha mwaka 1969.

Katika utendi huo, Shemwindo, mtemi wa Tubondo, hakutaka mtoto wa kiume. Mwanawe Mwindo alipozaliwa, alifungiwa ndani ya ngoma na kutupwa mtoni. Tangu hapo wanyama wanashika kazi, kila mmoja kwa maumbile yake. Kalunguyeye anamchimbia njia chini ya ardhi. Buibui anamjengea madaraja juu ya mashimo ya mtego. Popo, ambao ni wajomba zake, wanamfua kwa chuma mwili mzima. Mkononi Mwindo ana mgwisho wake wa enzi, wenye mkia wa mnyama wa porini, nao ndio silaha yake.

Hatimaye Mwindo anakuwa mtemi. Siku moja anatamani nyama ya nguruwe mwitu, anatuma wawindaji, na baadhi yao wanamezwa na Kirimu, zimwi lenye vichwa saba. Mwindo anamuua. Wagiriki nao walimchora shujaa wao Herakles katika vyombo vyao akimkata Hydra, nyoka wa vichwa vingi, na kazi hiyo ikawa sehemu ya sifa zake. Lakini Wanyanga wanasema Kirimu alikuwa na rafiki wa kuchanjiana damu: Nkuba, yaani Radi. Nkuba anamchukua Mwindo hadi mbinguni, ambako Mwindo anakaa mwaka mzima akiteswa na mvua, baridi na jua. Anarudishwa kwa sharti moja: asiue tena mnyama yeyote, wa msituni wala wa kijijini, hata mdudu.

Nasema kwa moyo wote kwamba hili ni wazo zito kuliko sifa za Herakles. Hata zimwi lina mtu wa kulililia, na mtawala aliyeshinda anawajibika kwa damu aliyoimwaga.

Tangu 1993 vita vimewafukuza Wanyanga, na majirani zao Wahunde wa Masisi walio karibu nao kwa lugha na mila, kutoka vijiji ambamo visa hivi vilirithishwa. Kuhusu wanyama wenyewe, mwaka 2016 nchi za dunia zilikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kakakuona. Vizuri, lakini sheria humlinda mnyama tu. Maana yake hulindwa na wasimulizi. Mwalimu mwenye simu ya kurekodi sauti anaweza kuanza wiki hii, kwa kuwatuma wanafunzi kwa wazee na swali moja la kila mnyama: alitenda nini? Nayo makumbusho yanayomiliki vinyago vya Walega yana wajibu wa kuweka methali kando ya kila kinyago, kwa sababu bila methali yanaonyesha nusu ya kazi ya msanii.