Kujitambulisha kwa ukweli kwenye mtandao wa wanataaluma

Kila mradi una mwanzo na mwisho. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kwa muda mfupi wafanyakazi wengi wa miradi ya afya, lishe na kilimo katika Afrika Mashariki walijikuta hawana kazi. Wengi wao walikuwa na uzoefu wa miaka mingi. Lakini nje ya wilaya walizozihudumia, ni watu wachache waliofahamu walichoweza kufanya.

Mojawapo ya mahali ambapo waajiri hutafuta watu siku hizi ni mtandao wa LinkedIn. Mtandao huu ulianza kutumika Mei 2003 huko California, Marekani, na tangu mwaka 2016 unamilikiwa na kampuni ya Microsoft. Mwaka 2023 ulitangaza kwamba wanachama wake wamefikia bilioni 1. Kujiunga ni bure, na unaweza kuutumia kwa simu ya mkononi. Watu huweka humo hasa habari za kazi: elimu yao, mahali walipofanya kazi na ujuzi walio nao.

Katika makala hii tunaeleza namna ya kujitambulisha huko bila kujikweza na bila kujificha.

Je, huku si kujisifu?

Wengi wetu tumelelewa kwa methali isemayo, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Kwa hiyo tunaona haya kuandika habari zetu wenyewe. Tunaona afadhali kazi yetu ijisemee.

Methali hii ni ya kweli pale mnunuzi anapopita mbele ya bidhaa. Kijijini, kila mtu anajua ni mkunga gani anayeaminika na ni fundi gani anayemaliza kazi kwa wakati. Lakini mwajiri aliyeko Nairobi au Dar es Salaam hapiti kijijini kwako. Hawezi kuuona mfereji mliouchimba wala kusikia akina mama wa kikundi wakikusifu. Asipoambiwa, hatajua.

Kujisifu ni kusema zaidi ya ulichofanya. Kushuhudia ni kusema kile hasa ulichofanya. Tunachopendekeza ni ushuhuda.

Andika jambo linaloweza kuthibitishwa

Tunapendekeza kipimo kimoja rahisi. Kabla ya kuandika sentensi yoyote, jiulize: je, mtu niliyefanya naye kazi akisoma maneno haya, atakubali kwamba ndivyo ilivyokuwa? Kama jibu ni hapana, yafute.

Tuseme wewe ni mratibu wa vikundi vya kuweka na kukopa. Unaweza kuandika, "Mtaalamu mbobezi wa maendeleo mwenye uwezo mkubwa wa uongozi." Maneno hayo yanaweza kuandikwa na mtu yeyote, nayo hayamwelezi msomaji kitu. Sasa jaribu hivi: "Nilisimamia vikundi 14 vya kuweka na kukopa kwa miaka mitatu. Niliwafundisha makatibu kutunza daftari la fedha, na vikundi 11 vinaendelea hadi leo." Maelezo ya pili hayana sifa hata moja, lakini msomaji anakuona ukiwa kazini. Tena yanakiri kwamba vikundi vitatu vilivunjika. Mwajiri mwenye busara hatashtushwa na hilo. Huenda akakuuliza ulijifunza nini.

Kuongeza chumvi kuna gharama. Januari 2012 Scott Thompson alianza kazi ya ukurugenzi mkuu wa kampuni ya Yahoo. Wasifu wake ulisema kwamba ana shahada ya uhasibu na sayansi ya kompyuta. Mwezi Mei ikajulikana kuwa shahada yake ilikuwa ya uhasibu tu, naye akaondoka kabla ya kumaliza miezi mitano. Alikuwa ameongoza kampuni ya PayPal kabla ya hapo. Uzoefu wake wa kweli ulitosha kabisa. Kile kidogo kilichoongezwa ndicho kilichomharibia.

Siku hizi kuna pia programu za akili mnemba zinazoweza kukuandikia wasifu mzima kwa dakika moja. Zinaweza kukusaidia kusahihisha lugha. Lakini hazikuwepo ulipokuwa kazini. Mara nyingi hutoa maneno makubwa yanayofanana kwa kila mtu, na wakati mwingine huongeza mambo ambayo hukuyafanya. Soma kila neno kabla ya kuliweka.

Sehemu muhimu za ukurasa wako

■ Jina. Tumia jina lako halisi, kama lilivyo kwenye vyeti vyako.

■ Picha. Inatosha picha moja inayoonyesha uso wako vizuri, katika mwanga wa kutosha. Si lazima uende studio.

■ Kichwa cha wasifu. Hakizidi herufi 220. Sema unafanya nini na kwa ajili ya nani, mfano: "Afisa ugani, ninafanya kazi na wakulima wadogo wa alizeti mkoani Singida."

■ Maelezo kukuhusu. Hayazidi herufi 2,600, lakini aya mbili au tatu fupi zinatosha.

■ Uzoefu. Taja pia kazi za kujitolea. Mtu aliyetunza hazina ya ushirika au ya kanisa kwa miaka mitano ana uzoefu wa fedha. Andika wazi kwamba ilikuwa kazi ya kujitolea.

■ Ushuhuda wa wengine. Mtandao huu unakuruhusu kumwomba mtu uliyefanya naye kazi aandike maneno machache kukuhusu. Hayaonekani kwenye ukurasa wako mpaka uyakubali. Mwombe aeleze jambo moja mahususi alilokuona ukilifanya. Na wewe waandikie wengine bila kusubiri kuombwa.

Kujenga mahusiano

Watu wengi hufikiri kazi hupatikana kupitia ndugu na marafiki wa karibu. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha matokeo tofauti. Aliwachunguza watu wa eneo la Boston waliopata kazi kwa kuambiwa na mtu wanayemfahamu. Ni takriban 17 tu kati ya kila 100 waliokuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara. Wengine walionana naye mara mojamoja au kwa nadra. Sababu yake ni rahisi: rafiki wa karibu husikia habari zilezile unazozisikia wewe. Yule mnayefahamiana kidogo husikia za kwingine.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Science, uliohusu watumiaji milioni 20 wa LinkedIn, uliunga mkono wazo hilo. Waliosaidia zaidi ni wale wanaofahamiana kwa kiasi kidogo, si wageni kabisa.

Kwa hiyo usikusanye majina ya watu usiowajua. Anza na mliosoma pamoja, mliokutana kwenye semina, na wafanyakazi wa mashirika jirani. Unapomwomba mtu muunganishwe, mkumbushe mlipokutana. Mpongeze anapofanikiwa na mjibu anapouliza. Mtu anayebisha hodi siku ya shida tu huchosha.

Walinde watu unaowahudumia

Hapa tunawasihi wasomaji wetu wawe waangalifu sana. Picha ya mtoto mwenye utapiamlo, au ya mama anayepokea dawa za kupunguza makali ya VVU, si cheti chako cha kazi. Mtu huyo hajui kwamba picha yake inaonwa na watu wasiomfahamu. Usiweke picha wala jina la mhudumiwa bila ridhaa yake, na kama ni mtoto, bila ridhaa ya mzazi au mlezi. Fuata pia taratibu za shirika lako. Eleza kazi, na umwachie mwenye shida heshima yake.

Jihadhari na matapeli

Palipo na watafuta kazi hapakosi walaghai. Mwajiri wa kweli hakutozi ada ya usaili wala pesa ya "kufungua faili". Mwaka 2022 serikali ya Kenya ilitoa tahadhari baada ya vijana kurubuniwa kwa ahadi za kazi nchini Thailand, kisha wakapelekwa Myanmar na kulazimishwa kutapeli watu kwa kompyuta. Ukipata ahadi ya kazi, ulizia ofisi yenyewe kwa njia nyingine kabla ya kutuma pesa, pasipoti au namba ya kitambulisho.

Maswali ya kujadiliana

■ Taja jambo moja ulilolifanya mwaka uliopita ambalo mwenzako katika kundi hili anaweza kulithibitisha. Liandike kwa sentensi mbili, bila kutumia neno lolote la sifa.

■ Ni nani aliyefanya kazi nzuri pamoja nawe lakini hajulikani? Unaweza kumwandikia ushuhuda gani wiki hii?

■ Shirika letu lina utaratibu gani kuhusu picha za watu tunaowahudumia? Kama haupo, nani atauandaa?