Boston: Ukiona Vyaelea, Vimeundwa

Ndugu msomaji, iwapo siku moja safari itakufikisha katika mji wa Boston, upande wa mashariki ya Marekani, huna haja ya kutafuta mtu wa kukushika mkono. Utafuata mstari mwekundu. Mstari huo, pengine wa matofali na pengine wa rangi tu, umelazwa chini katika njia ya waendao kwa miguu. Hupita mbele ya maduka, hukata barabara, huvuka daraja, na katika mwendo wa kilomita 4 hukupitisha mahali 16 pa kihistoria. Wenyewe huuita Njia ya Uhuru. Aliyetoa wazo lake mwaka 1951 alikuwa mwandishi wa habari wa mjini humo, William Schofield.

Boston ni mji mkongwe kwa hesabu ya Marekani. Waingereza waliuanzisha mwaka 1630 katika ardhi ya Wamassachusett, wenyeji wa asili ambao jina lao ndilo lililobaki kuwa jina la jimbo zima. Humo ndimo zilimolipuka cheche za kwanza za vita vya kuung'oa utawala wa mfalme wa Uingereza. Lakini wahenga wetu walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Basi tufuate mstari huo pamoja, na kila tufikapo tuulize: ni nani aliyeunda?

CHAI BAHARINI

Mstari huanzia katika uwanja mkubwa wa Boston Common, uliotengwa kwa matumizi ya watu wote tangu mwaka 1634. Kando yake, mkabala na jumba la serikali ya jimbo lenye kuba la dhahabu, pana sanamu kubwa ya shaba ya askari waendao vitani. Tuipite kwa sasa, tutairudia.

Baada ya makaburi ya kale utafika Old South, nyumba ya ibada iliyojengwa mwaka 1729. Humo, tarehe 16 Desemba 1773, maelfu ya watu walikusanyika kwa hasira juu ya kodi ya chai. Usiku ule wananchi walipanda merikebu 3 bandarini na kumwaga baharini makasha 342 ya chai.

Hadithi hiyo husimuliwa kila siku. Isiyosimuliwa sana ni ya msichana mmoja aliyekuwa muumini wa nyumba hiyo hiyo. Alitekwa Afrika Magharibi, akafikishwa Boston mwaka 1761 akiwa na umri wa miaka kama 7 hivi, akauzwa. Wakampa jina la merikebu iliyomleta, Phillis, na jina la ukoo wa bwana aliyemnunua, Wheatley. Mtoto huyo alijifunza kusoma, akatunga mashairi, na mwaka 1773 diwani yake ilichapishwa London. Nakala za kitabu hicho zilifika Boston ndani ya Dartmouth, mojawapo ya merikebu zile za chai. Alipata uhuru wake, lakini alikufa fukara mwaka 1784.

CHIMBUKO LA UHURU

Endelea mbele hadi Old State House, jengo la mwaka 1713. Mbele yake duara la mawe linakumbusha jioni ya tarehe 5 Machi 1770, askari wa Uingereza walipowafyatulia risasi wananchi na kuua watu 5. Mmoja wao alikuwa Crispus Attucks, baharia mwenye damu ya Kiafrika na ya wenyeji wa asili wa Marekani. Waama, miongoni mwa waliotangulia kumwaga damu kwa ajili ya taifa hilo alikuwamo mtu mweusi.

Hatua chache kutoka hapo ni Faneuil Hall, soko chini na ukumbi wa mikutano juu, unaosifiwa kuwa Chimbuko la Uhuru. Mfanyabiashara Peter Faneuil aliujenga kwa fedha zake na kuutoa zawadi kwa mji mwaka 1742. Na biashara zake? Mojawapo ilikuwa ya kuuza watu.

TOKA KIDOGO KATIKA MSTARI

Sasa, msomaji, uache mstari mwekundu upande kilima cha Beacon. Katika uchochoro mdogo utaona jengo la matofali lisilo na makuu. Hilo ni kanisa la Waafrika la mwaka 1806, lililojengwa zaidi kwa mikono ya mafundi weusi waliochoka kuketishwa pembeni katika makanisa ya wazungu. Humo, Januari 1832, kiliundwa chama cha kupigania kukomeshwa kwa utumwa, kikiongozwa na William Lloyd Garrison.

Watumwa hao walitutia hata sisi nguo mwilini. Merikani waliyoivaa babu zetu wa pwani na bara ilifumwa katika viwanda vya jimbo hilo la Massachusetts, kwa pamba iliyochumwa na watumwa wa kusini mwa Marekani. Wafanyabiashara wa Salem, mji jirani na Boston, ndio walioileta Unguja kubadilishana na pembe za ndovu na sandarusi.

MSHAHARA NA HESHIMA

Turudi kwenye sanamu ile ya shaba. Ni ukumbusho wa Kikosi cha 54 cha Massachusetts, askari weusi waliokwenda mwaka 1863 kupigana na majimbo yaliyotetea utumwa. Askari mzungu alilipwa dola 13 kwa mwezi. Wao waliambiwa watapata 10, na 3 zikatwe kwa ajili ya nguo. Wakakataa. Jimbo lilipotaka kuwafidia tofauti hiyo, wakakataa pia, kwani walichodai ni haki sawa. Zaidi ya mwaka mmoja walipigana bila kupokea hata senti, wake na watoto wao wakitaabika nyumbani, mpaka sheria ya mwaka 1864 ilipowapa haki yao.

Ukumbusho huo ulizinduliwa mwaka 1897. Majina ya maofisa wazungu waliokufa yaliandikwa. Ya askari weusi hayakuandikwa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Baba na mama msomao ukurasa huu, mnajua ni chungu kiasi gani mtoto kulala na njaa kwa sababu mzazi amekataa kudharauliwa. Basi mnapowapeleka watoto kutazama jumba lo lote la kale, liwe la Boston au la hapa petu, msiwaache waridhike na jina lililochorwa mlangoni. Wafundisheni kuuliza la fundi aliyebeba mawe.