Nyuzi za njano ndani ya kwatzi si dhahabu

Picha huja ile ile: jiwe angavu, ndani yake nyuzi za njano zilizonyooka, na swali, "Hii dhahabu ni gramu ngapi?" Hakuna hata gramu moja. Hizo ni rutili, madini ya titani na oksijeni. Nimechoka kulijibu swali hili kwa upole, maana kinacholifuata huharibu jiwe na afya ya mtu.

Dhahabu haikui hivyo. Huletwa na maji ya moto kupitia nyufa za mwamba, ikatulia humo ikiwa punje, utando au vijiti vilivyopinda. Rutili ni fuwele. Sindano zake hunyooka na kukatizana. Katika mawe ya Novo Horizonte, jimbo la Bahia nchini Brazili, hutawanyika pande sita kutoka kwenye kibamba cheusi cha hematiti, kwa pembe zinazolingana. Ufa hauchori hivyo.

Mulika tochi nyuma ya jiwe, utazame kwa lenzi inayokuza mara 10. Sindano ikipitisha mwanga mwekundu au wa hudhurungi, mjadala umekwisha. Ikiwa imetokeza nje, ibonyeze kwa ncha ya pini: dhahabu hubonyea, rutili huvunjika.

Sasa zebaki. Ushauri unaozunguka machimboni ni kusaga jiwe, kuchanganya unga na zebaki, kisha kuchoma. Zebaki hushika dhahabu. Rutili haiishiki hata chembe. Umesaga kito ambacho sonara angekinunua kikiwa kizima, kisha wewe na watoto walio karibu mkavuta mvuke usio na rangi wala harufu, unaodhuru ubongo na figo. Mikono kutetemeka, usingizi kupotea, kusahausahau: ndizo dalili zake, na watu huziita uchovu wa kazi. Wakikosa dhahabu husema zebaki ilikuwa hafifu, wakaongeza! Asidi ya betri nayo haithibitishi kitu, kwa kuwa haiyeyushi dhahabu wala rutili.

Mengine kwa haraka. Sindano nyeusi zenye mifereji ya urefu mara nyingi ni tomalini. Vibamba vya kijani vinavyometameta, ulanga wenye kromi. Madoa mekundu, hematiti. Viputo vya mviringo vikikutia shaka ya kioo, kikwaruze kwa kwatzi halisi: kioo kitachubuka. Usilipashe jiwe moto, maji yaliyonaswa ndani hulipasua. Likiwa safi, mpe mkata vito alichonge mgongo wa mviringo. Bado unadai ni dhahabu? Kata kipande cha pembeni, ukipeleke maabara ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, Dodoma.