Picha za Miradi Yetu: Namna ya Kuzitunza na Kuzitazama kwenye Kifaa cha Mkononi



Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi sehemu kubwa ya daftari la mradi ni picha. Iwe ni kisima Chamazi, choo cha shule Mabwepande au kikundi cha kuweka na kukopa Tandale, jambo la kwanza analouliza aliyechangia fedha ni hili: hali ilikuwaje kabla, na ikoje sasa? Picha ya "sasa" inaweza kupigwa hata kesho. Picha ya "kabla" ikipotea haipigwi tena, kwa sababu shimo limekwisha kufukiwa na ukuta umekwisha kusimama. Kwa sababu hiyo tumeona ni vema kueleza, hatua kwa hatua, namna kamati inavyoweza kutunza na kutazama picha na video zake kwenye kifaa kidogo cha mkononi.

KIFAA CHENYEWE NI KIPI?

Katikati ya miaka ya 2000 vilitoka vifaa maalumu vya kutazamia picha na video, ambavyo katika makala hii tutaviita vitazamio. Mfano mmoja ni Epson P-2000 iliyotoka mwaka 2004. Ilikuwa na kioo cha inchi 3.8, diski ya GB 40, na matundu mawili ya kadi, moja la CompactFlash na lingine la SD. Mpiga picha aliweza kuhamisha picha kutoka kwenye kadi na kuzitazama papo hapo bila kompyuta. Leo kazi hiyo hufanywa zaidi na simu au tabiti, lakini vitazamio vya zamani bado vimo katika makabati ya ofisi mbalimbali, na kikifanya kazi hakuna sababu ya kukitupa. Kanuni za kutunza picha ni zilezile kwa vifaa vyote.

Mhazini akiona diski ya GB 40 inajiandika kuwa ina GB 37 asidhani amedhulumiwa dukani. Kiwanda huhesabu GB moja kuwa baiti 1,000,000,000, wakati kifaa huhesabu baiti 1,073,741,824. Nafasi ni ileile, vipimo ndivyo viwili. Kwa picha za MB 2 kila moja, nafasi hiyo inatosha picha zaidi ya 18,000.

Ikumbukwe pia kwamba ndani ya vitazamio vingi vya wakati ule mna diski inayozunguka. Kikianguka kikiwa kimewashwa, diski inaweza kukwaruzika na picha zote zikapotea. Hivyo basi, kizimwe kabla ya kupanda daladala au bodaboda, kifungwe katika mfuko usioingiza vumbi, na kisiachwe juani ndani ya gari.

KABLA YA KUPIGA PICHA: SAA NA TAREHE

Kila picha ya dijitali hubeba ndani yake tarehe na saa iliyopigwa. Tarehe hiyo hutoka kwenye saa ya kamera. Betri ikikaa nje kwa muda mrefu, kamera nyingi husahau saa na kurudi mwaka wa mwanzo iliotoka kiwandani. Ndipo kamati inapojikuta na picha za mafuriko zinazoonyesha zilipigwa miaka kadhaa kabla ya mafuriko yenyewe.

Hili si jambo dogo katika Jiji letu. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha la jeshi lililipuka Mbagala na kubomoa nyumba za watu. Desemba 2011 mafuriko yaliwakumba wakazi wa bonde la Mto Msimbazi, na serikali ikawahamishia baadhi yao Mabwepande. Katika siku kama hizo picha ya nyumba iliyobomoka ni ushahidi wa familia, na ushahidi wenye tarehe ya uongo una udhaifu mkubwa.

Dawa yake ni rahisi. Kagua saa ya kamera kabla ya kutoka ofisini. Ukiwa na shaka, piga picha ya kwanza ya gazeti la siku hiyo, tarehe ikisomeka. Hata saa ya kamera ikiwa imepotoka, mtu atajua imepotoka kwa kiasi gani.

KUHAMISHA PICHA KUTOKA KWENYE KADI

Fuata mpangilio huu bila kuruka hatua.

1. Hakikisha betri imejaa, au kifaa kimechomekwa kwenye umeme. Umeme ukikatika katikati ya kazi huku betri ikiwa tupu, faili linaweza kubaki nusu.

2. Chomeka kadi na uchague kunakili zote. Vitazamio vingi huunda folda mpya kwa kila kadi. Usichague kuhamisha kwa namna inayofuta kadi hapohapo.

3. Linganisha idadi. Kadi ikiwa na mafaili 143, folda mpya nayo iwe na mafaili 143.

4. Fungua picha ya kwanza, ya katikati na ya mwisho, uzikuze kidogo. Picha ndogo ya orodha inaweza kuonekana nzuri ilhali picha kamili imeharibika.

5. Tengeneza nakala ya pili mahali pengine. Baada ya hapo tu, fomati kadi, na ufanye hivyo ndani ya kamera yenyewe.

Ikitokea mtu amefuta picha kwa bahati mbaya, aache mara moja kuitumia kadi ile. Kufuta huondoa jina la faili kwenye orodha, lakini picha yenyewe mara nyingi hubaki mpaka picha nyingine iandikwe juu yake. Fundi mwenye programu ya kurejesha mafaili anaweza kuiokoa. Kila picha mpya inayopigwa hupunguza uwezekano huo.

MAJINA NA FOLDA

Kamera hazina ubunifu wa majina. Huweka picha katika folda iitwayo DCIM na kuzipa herufi nne na tarakimu nne, kwa mfano DSC_0001. Zikifika 9999 huanza tena 0001. Kwa hiyo kamera moja inaweza kutoa picha mbili tofauti zenye jina moja, na kamera mbili za aina moja zinaweza kufanya hivyo kwa siku moja. Mtu akizitia zote katika folda moja na kukubali kifaa kiandike ya pili juu ya ya kwanza, ya kwanza imekwenda.

Tunapendekeza kila safari iwe na folda yake, yenye jina linaloanza na mwaka, kisha mwezi na siku, halafu kata, halafu kazi. Mfano: 2025-03-14_Chamazi_kisima. Mwaka ukitangulia, folda hujipanga zenyewe kwa mfuatano wa siku.

Tumesema kata, si manispaa, kwa makusudi. Zamani Jiji lilikuwa na manispaa tatu: Kinondoni, Ilala na Temeke. Baadaye Ubungo ikatoka Kinondoni, na Kigamboni ikatoka Temeke. Folda ya mwaka 2008 iliyoandikwa "Temeke" tu inaweza kuwa ya Tandika au ya Kigamboni, na aliyeipiga picha huenda amekwisha hama.

KWA NINI KIFAA HUKATAA KUFUNGUA FAILI?

Malalamiko haya yana sababu chache zinazojulikana.

Ya kwanza ni kadi. Kadi za SD za mwanzo ziliishia kwa kawaida GB 2. Aina ya SDHC, ambayo hufika GB 32, ilikuja mwaka 2006, na SDXC ikafuata mwaka 2009. Kitazamio kilichotengenezwa kabla ya hapo kinaweza kushindwa kusoma kadi mpya ingawa inaingia vizuri kwenye tundu. Kadi si mbovu. Kifaa ndicho hakiijui.

Ya pili ni aina ya faili. Karibu kila kifaa hufungua JPEG. Lakini tangu mwaka 2017 simu za iPhone zimekuwa zikihifadhi picha kwa aina ya HEIC zisipoelekezwa vingine, na vifaa vya zamani haviifahamu. Badili mpangilio wa simu, au geuza picha kuwa JPEG kwenye kompyuta.

Ya tatu ni ukubwa wa video. Diski na flashi nyingi hutumia mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalofikia GB 4, hata kama kuna nafasi tele. Kwa video inayotumia MB 130 kwa dakika, kikomo hicho hufikiwa baada ya dakika 31 hivi. Ni heri kurekodi mkutano kwa vipande vya dakika kumi kumi.

Tuongeze neno juu ya WhatsApp. Picha iliyotumwa huko kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora na hupoteza tarehe yake ya ndani. Kwa kumbukumbu za mradi itumwe kama hati, au iletwe kwenye kadi.

KUTAZAMA PAMOJA

Kioo cha inchi nne kinatosha watu watatu. Kwa mkutano wa mtaa tumia televisheni. Vitazamio vingi vina tundu la waya wa AV, ule wenye vichwa vya njano, vyeupe na vyekundu. Picha ikitokea bila rangi au ikirukaruka, fungua mipangilio, uondoe NTSC na kuweka PAL. Chagua picha 20 au 30 tu, uziweke katika folda ya pekee ili zionyeshwe mfululizo. Picha 300 huwachosha watu, na la maana hufunikwa na yasiyo na maana.

HESHIMA YA ALIYEPIGWA PICHA

Wakazi wengi wa Mbagala na Kigogo wamepigwa picha na wageni mara nyingi, na hawajawahi kuziona. Picha zao zimesafiri mbali kuliko wao. Hapa ndipo kifaa cha mkononi kinapofaa kuliko chombo chochote cha ofisini: mama aliyepigwa picha akiwa kwenye foleni ya maji anaweza kuiona palepale na kusema, "Hii sawa," au, "Hii hapana, mwanangu, futa." Akisema ifutwe, ifutwe mbele yake.

Aidha, sheria inataka hivyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taarifa za afya na za watoto zimo katika zile zinazohitaji ulinzi wa pekee. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 nayo inalinda siri ya mwenye virusi. Kamati inayohudumia wagonjwa majumbani isitumie sura zao bila ridhaa ya maandishi. Kwa mtoto, ridhaa ni ya mzazi au mlezi. Tena, zima huduma ya mahali kwenye simu kabla ya kupiga picha nyumbani kwa mgonjwa, kwani picha inaweza kubeba ndani yake vipimo vinavyoonyesha nyumba ilipo.

Kwa wafadhili wetu tunasema hivi kwa moyo mkunjufu: mkipokea taarifa yenye picha za mikono, ndoo na kuta, isiyo na nyuso za wagonjwa, msidhani kazi haikufanyika. Mtu fulani aliombwa, akakataa, na akaheshimiwa.

NAKALA TATU

Diski zote hufa. Tofauti ni siku tu. Kitazamio si mahali pa kutunzia, ni mahali pa kupitia. Weka nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja ikae mbali na ofisi. Kompyuta na flashi zikiwa katika droo moja, mwizi mmoja au mafuriko ya usiku mmoja huzichukua zote. Kamati ya Kigogo inaweza kuomba wenzao wa Bunju wawatunzie diski, nao wakawatunzia ya kwao.

MAMBO YA KUAMUA KATIKA KIKAO KIJACHO

Tunaomba kila kamati iyaweke haya katika ajenda na kuyaandika kwenye muhtasari:

- Nani mtunza picha, na nani msaidizi wake? Wasiwe mtu mmoja.
- Folda zitaitwaje?
- Nakala ya tatu itakaa wapi, na itakaguliwa kila baada ya muda gani? Tunapendekeza kila robo mwaka, pamoja na hesabu za fedha.
- Fomu za ridhaa zitatunzwa wapi, na nani ana ufunguo?
- Kifaa kikiazimwa, kitaandikwa katika daftari gani?

Maswali haya hayahitaji fedha. Yanahitaji nusu saa na katibu mwenye kalamu. Kamati itakayoyajibu mwaka huu itaweza, miaka kumi ijayo, kumwonyesha mtoto wa Chamazi mahali maji yalipotoka kwa mara ya kwanza, na nani alikuwa ameshika ndoo.